Bei iliyoandikwa rafuni Marekani siyo utakayolipa, na tumeambiwa tuzoee

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tangu nihamie Chicago, ni mara chache nimefika kwa keshia nikiwa na uhakika wa kiasi nitakachodaiwa. Fulana imebandikwa dola 9.99, mtu anaichukua akiwa na noti ya dola 10, anapanga foleni, na zamu yake inapofika anaambiwa alipe dola 11.01, kwa sababu kodi ya mauzo ya hapa, ukijumlisha ya jimbo na ya serikali za mitaa, ni asilimia 10.25. Juzi mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alilazimika kurudisha sabuni na daftari la mtoto, akazihesabu upya sarafu zake juu ya kaunta huku watu wa nyuma wakiguna. Mama yule alikuwa amepiga hesabu zake sawasawa. Kilichomdanganya ni kibandiko cha bei.

Sina ugomvi na kodi yenyewe, kwani huduma za umma lazima zigharimiwe. Ninachokipinga ni kuifichia mlangoni pa kutokea.

Kila ukilalamika unajibiwa kwamba Marekani haina kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima, kwamba kila jimbo lina kiwango chake, na kwamba kaunti na miji huongeza chao juu yake. Hilo ni kweli: Oregon na Delaware hazina kodi hiyo kabisa, ilhali California inaanzia asilimia 7.25. Lakini duka halihami! Kampuni yenye matawi nchi nzima inaweza kupata shida kutangaza bei moja kwenye televisheni, nami ninalikubali hilo, ila kibandiko cha rafuni kiko mahali pamoja tu, na mashine ya keshia iliyo hatua chache kutoka hapo inakijua kiwango hicho hadi senti ya mwisho. Tangu mwaka 2012 serikali kuu imeyalazimisha mashirika ya ndege kutangaza nauli ikiwa na kodi zote ndani yake, na bei ya petroli unayoisoma kituoni tayari ina kodi. Kwa nini sabuni ishindikane?

Wapo wanaotushauri tuongeze asilimia kumi kichwani na tuache kelele. Ushauri huo haufai, maana kodi hubadilika kulingana na bidhaa. Katika jiji la New York, vazi la chini ya dola 110 halitozwi kodi ya mauzo, lakini koti la dola 120 hutozwa asilimia 8.875 ya bei yake yote, yaani dola 10.65 za ziada. Chakula unachokwenda kukipika nyumbani kwa kawaida hakitozwi, ila kikiuzwa kikiwa cha moto kinatozwa. Ni mnunuzi gani, awe mgeni au mwenyeji, atakayeyabeba yote hayo kichwani akiwa anasukuma toroli na mtoto analia?

Mlioko majimbo mengine, naomba mniambie kama kuna duka huko linaloandika bei kamili kwenye rafu, na kama kuna mbunge wa jimbo lenu aliyewahi kulidai jambo hili, kwa sababu nataka kumwandikia wa kwangu wiki hii.