Naomba ushauri: utani wangu wa alama za elementi umedoda darasani

Ticha wa Kata

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari ya kata, huku mkoani. Kidato cha pili wameanza jedwali la elementi na wananitoa jasho. Zile ishirini za mwanzo wanazikariri kama kasuku, lakini ukiuliza kwa nini potasiamu ni K au sodiamu ni Na, wote wanatazama dari.

Wiki iliyopita nikajitia mchekeshaji. Nilikuwa nimeuona mtandaoni ule utani wa Wazungu: oksijeni na magnesiamu wametoka matembezi pamoja, watu wakasema "OMg!" (kama OMG ya Kiingereza, "Mungu wangu!") Nikauandika ubaoni, nikageuka kungoja kicheko.

Kimya. Nasikia mabati yanavyolia kwa jua tu. Kisha kijana wa dawati la mbele akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani ticha, si ingekuwa MgO? Metali si huandikwa kwanza?"

Hapo ndipo walipocheka. Na hawakucheka utani.

Ijumaa nina dakika 40 za klabu ya sayansi na nataka kurudisha heshima. Je, upo utani wa alama hizi unaotoka kwenye Kiswahili chenyewe? Na mnaonaje, utani wa namna hii unasaidia au unawapoteza watoto? Nawasilisha.

Mpiga Debe

Hahahaa, dogo kakumaliza. Mpe maksi zake zote.

Mkuu, utani ukishahitaji "maana yake kwa Kiingereza ni…" huo ni msiba, tandika jamvi.

Mstaafu wa Chaki

Mwalimu mwenzangu, pole. Nimefundisha kemia miaka mingi na kosa hilo nimelifanya sana. Acha kutafsiri. Kiswahili kinaenda kwa silabi, na alama nyingi ni silabi kamili: Na, Ni, Si, La, Li, Ba, Bi, Pa, Po, Ta, Ga, Ra, He, Se, Te, Lu. Lugha inakukaribisha yenyewe. Tazama: K-Ar-I-B-U. Potasiamu, agoni, iodini, boroni, uraniamu.

Ila usiwaandikie orodha ya maneno, watachoka. Watoto wetu wana mchezo wao tayari: vitendawili. Unasema "Kitendawili!", wanaitika "Tega!"

*Ina aseniki ndani, na watu wanailamba.* AsAlI.

*Wote tunaitafuta, lakini ukiikamata tu inapaa.* HeLa. Heliamu na lanthanamu. Hapo usikimbilie jibu linalofuata, waulize kwa nini inapaa. Watakwambia heliamu ni nyepesi kuliko hewa, na haiungani na mtu. Mtoto aliyecheka hapo hasahau tena kwamba He ni gesi ajizi.

*Babu anayo, baba hana.* BaBU na BaBa: jibu ni uraniamu (anayesema boroni naye mpe maksi). Ya uraniamu-238, nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5 kuoza. Babu amekula chumvi nyingi.

Sasa utamu wenyewe. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, sivyo? "Nipe mji." Weka sharti: mji wenyewe lazima uandikike kwa alama za elementi. Asiyeweza anaimba wimbo wa shule peke yake.

Mnyalukolo

Mstaafu nakuamkia, shikamoo. Hiyo ya miji nimeipenda maana kwetu tunaongoza: IrInGa, elementi tatu tu, mji mzima umeisha. Na wenyeji wake HeHe, heliamu mbili. Gesi isiyotaka kuungana na mtu. Waulizeni Wajerumani waliofika Lugalo mwaka 1891 wakachapwa.

Mpiga Debe

Mwanza: Mn, W…

Mnyalukolo

Hapana bwana. A peke yake haipo kwenye jedwali. M peke yake haipo. Z peke yake haipo. Mwanza nzima imezama ziwani.

Mpiga Debe

Basi Dodoma.

Mnyalukolo

D peke yake haipo. Makao makuu yametoka kapa. Kaimbe wimbo wa shule.

Binti Pangani

Nimeacha kazi za watu ofisini nikakaa na jedwali saa nzima. Zilizokubali: PaNGaNi (lazima nianze na kwetu), TaNGa, LiNdI, TaBORa, BUKOBa, MoSHI, na BaGaMoYO, ambayo nilivyoimaliza nilipiga meza. Majirani Kenya wamo: NaIrOBi, NaKURu, KErICHo. Mombasa imegoma, Zanzibar ndiyo kabisa.

Ila iliyonichekesha kuliko zote ni GeITa. Jamaniumu, iodini na tantalamu. Mji wa migodi ya dhahabu, na Au, alama ya dhahabu, haimo! Hicho nacho kitendawili, ticha, chukua bure.

Jikoni nako kuna mengi: UGaLi, WAlI, PILiPILi, SUKArI, NaNaSi, PaPaI. Chumvi imekataa, na ndiyo kampaundi ya kwanza kila mtoto anayofundishwa. Nimeumia kidogo.

Kijiti cha Maabara

Binti Pangani, usiumie, chumvi iliwahi kuandikika. Elementi iitwayo mendelevi ilipotengenezwa mwaka 1955 ilipewa alama Mv. Mwaka 1957 wakubwa wa kemia duniani, IUPAC, wakaibadilisha kuwa Md. Kwa hiyo kwa miaka kama miwili hivi C-H-U-Mv-I ilikuwa halali na hakuna Mswahili aliyeshtuka.

Mwaka huohuo agoni, iliyokuwa A tupu, ikafanywa Ar. A ile ingetupa KAHAWA. Sisi watu wa irabu tulipata hasara kubwa 1957 bila kuombwa maoni.

Na kuhusu HeLa, huku maabara jina hilo tunalo kweli. Ni seli zilizotolewa mwaka 1951 kwa mgonjwa mmoja wa Baltimore, Marekani, Henrietta Lacks: herufi mbili za kila jina lake. Zimekuzwa hadi leo, zilisaidia kujaribu chanjo ya polio, na watu wametengeneza hela nazo. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Kwa hiyo huo utani kwangu una ukakasi, lakini tumieni.

Mkufunzi Mkali

Naona kila mtu anashangilia. Naomba kuuliza: mtihani ukija na swali la kampaundi, mtoto akiandika HeLa, nani atajibu? Heliamu katika hali ya kawaida haiungani na kitu. UGaLi si kampaundi, ni alama tatu zimepangwa foleni. Mnapanda magugu kisha mtalalamika matokeo mabaya. Tayari wanachanganya Co na CO, moja ni kobalti na nyingine ni gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Mstaafu wa Chaki

Mkufunzi, hoja yako nzito na siipuuzi. Lakini dawa imo humohumo. Kila neno likishapatikana, swali la pili ni: "Hii ipo kweli?" Wacha wabishane kwa valensi, yaani kila elementi ina mikono mingapi ya kuungana.

BaO: valensi ya bariamu ni mbili, ya oksijeni mbili, zimetoshana. Bao ni kampaundi halali, unaweza kuinunua. NaO: haitoshani, sodiamu inatakiwa ziwe mbili. Halafu wapeleke kwenye ngeli. KI ipo, iodidi ya potasiamu, moja kwa moja. VI haipo hivyo, vanadiamu inadai iodini mbili au tatu. Umoja umefaulu, wingi umefeli. Mwalimu wa Kiswahili mwite aje asikie.

Na kwenye Co na CO mchezo huu ni mkali kuliko wewe. Mtoto akiandika HELA kwa herufi kubwa zote wenzake watamzomea, maana E haipo na L haipo. Hutahitaji kalamu nyekundu.

Mpiga Debe

Nimetafuta Simba, haipo. Nimetafuta Yanga, haipo. Ila BaO lipo. Jedwali halina upande jamani, tupendane.

Mkufunzi Mkali

Hiyo ya KI na VI nimecheka, nakiri. Ongezeni na asili ya majina basi, maana ndilo swali aliloanza nalo mwalimu. K ni *kalium*, na neno lenyewe lina mizizi kwa Waarabu, *al-qalya*, majivu ya mimea. Na ni *natrium*. W kwenye wali wenu ni *wolfram*, ndiyo tangisteni. Mtoto akijua jina la pili hashangai tena alama.

Na mwalimu, jiandae: watagundua matusi kabla hawajagundua Bagamoyo. Yapo yanayoandikika. Sitayataja.

Ticha wa Kata

Wakuu, sina la kusema, mmeniokoa. Nimenakili vyote. Swali moja tu linanikera: familia nimeshaipanga. BaBU, BaBa, na BiBi ya bismathi. Mama ninampataje? M hakuna, Ma hakuna. Nina hakika watauliza.

Kijiti cha Maabara

Wakati unatafuta mama, msifie bibi. Bismathi-209 watu waliidhani haiozi kabisa, hadi mwaka 2003 Ufaransa walipopima wakakuta inaoza, ila nusu yake inahitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu zaidi ya mara bilioni moja. Babu na uraniamu yake atazikwa na bibi.

Mzee wa Mji wa Kale

Nawasikiza tu tangu jana. Mwana wangu mwalimu, mama yupo. Huku kwetu Mwambao, kwenye mashairi ya zamani, mama huitwa *nina*. Nikeli na sodiamu. Mmekaa mnamtafuta na M, naye yuko kwenye utenzi anawatazama.

Binti Pangani

Mzee!! Nimesisimka.

Ticha wa Kata

Mrejesho, wakuu, kama nilivyoahidi.

Klabu ilitakiwa iishe saa tisa na nusu. Tumetoka saa kumi na mlinzi akifunga madarasa. Yule kijana wa MgO ndiye alikuwa refa, kashika jedwali kubwa la ukutani na rula, kila neno lazima alipitishe. Mmoja alishindwa kitendawili cha asali, akaambiwa atoe mji, akatoa Morogoro. Refa akatembeza rula: Mo ipo, "ro" haipo. Aliimba beti zote mbili.

Mkufunzi, ubishi wa valensi ulitokea wenyewe. Msichana mmoja alisimama akasema hela haiwezi kuwa kampaundi kwa kuwa heliamu haitoi wala haipokei elektroni. Nimemfundisha mihula miwili na sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kiasi hicho. Matusi nayo yalipatikana, dakika ya kumi na mbili. Nilijifanya sikuona.

Mwishoni msichana yuleyule akanitegea mimi: "Babu yupo, baba yupo, bibi yupo. Mama kaenda wapi?" Darasa zima likaanza kupiga meza, "Mji! Mji! Ticha toa mji!"

Nikachukua chaki taratibu (TaRaTiBU, mnaona nimeshaharibika), nikaandika ubaoni: NiNa.

Kimya tena, kama siku ile ya OMg. Moyo ukanilipuka. Yule binti akakunja uso, akauliza, "Nina… nini?"

Refa hakungoja hata kunyoosha mkono. Aligonga rula ubaoni mara nne: "Nikeli! Sodiamu! Nikeli! Nikeli!"

Walipasuka. Hata mimi nilikaa chini.

Mpiga Debe

NiNa NiNi 😂😂😂 ticha huyo dogo mpe kiti chako.