Dar–Mwanza: ndege, basi, au treni ya SGR mpaka Dodoma?

Mbezi_Msuguri: Wakuu, kesho nakata tiketi. Mama anakwenda Mwanza. Ndege inatumia muda gani hasa, na inalipa ukilinganisha na basi?

Kipawa77: Hujataja umri wa mama, kilo za mzigo, wala kama anaishia mjini au anaendelea. Kwa angani ni kama kilomita 850. Airbus A220 hutumia karibu saa moja na nusu. Q400 ya pangaboi hukaribia saa mbili. Aina ya ndege huonekana unapokata tiketi. Muda unaoandikwa unahesabu na ndege kutembea uwanjani, si angani tu.

NyegeziStendi: Basi. Barabara ni kama kilomita 1,150: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. Saa 16 mpaka 18 njia ikiwa nzuri. Unapanda Mbezi, hubadilishi kitu.

Reli_ya_Kati: SGR mpaka Dodoma ni kama saa nne, umekaa vizuri, choo kipo. Kisha basi.

NyegeziStendi: Kisha basi la kilomita 700! Na stesheni ya SGR na stendi ya Nane Nane ni mahali pawili: mizigo bajaji, mizigo tena buti. Treni ikichelewa, basi halimsubiri mtu.

Mbezi_Msuguri: Samahani. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Anaishia Sengerema. Kurudi atataka kubeba sato.

Kipawa77: Hapo ni ndege tu, saa 18 za kukunja magoti si za umri huo. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si asubuhi ya safari. Na msomee saa mwenyewe! Kuna abiria alikatiwa ndege ya 06:30, akasoma saa sita na nusu mchana. Akafika uwanjani saa nne asubuhi, ndege imeshatua Mwanza kitambo. Tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi, na kwa kuwa hakutokea, mfumo ukafuta na safari ya kurudi. Akalipa upya zote mbili. Mwandikie kwenye karatasi: saa 12 na nusu ASUBUHI.

NyegeziStendi: Sengerema inabadilisha hesabu. Basi linapita Usagara, njia panda ya Sengerema, kabla ya kuingia mjini. Uwanja wa ndege uko upande wa pili, Ilemela, kwa hiyo akishuka huko atavuka jiji zima.

Reli_ya_Kati: Lakini kivuko cha ziwani cha kwenda Sengerema hakimcheleweshi tena. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025.

Sato_Mbichi: Samaki: wagandishe usiku kucha, funga kwa nailoni mbili, weka kwenye boksi la foma, ziba mshono wote kwa utepe wa gundi. Msiweke barafu ya maji. Inayeyuka, boksi linavuja, kaunta wanalikataa. Tumieni pakiti za jeli. Barafu kavu mwisho kilo 2.5 kwa abiria, na lazima shirika likubali kwanza.

Reli_ya_Kati: Dagaa wakavu hawana usumbufu wote huo.

Sato_Mbichi: Mama amesema sato, mkuu.

Mbezi_Msuguri: Nashukuru. Sasa hilo boksi la foma linahesabiwa ndani ya kilo 23 za mzigo wa tiketi au linalipiwa peke yake?