Naomba ushauri: kompyuta mbovu za madrasa

Assalamu alaikum ndugu zangu. Stoo ya madrasa yetu hapa Majengo imejaa kompyuta mbovu, zikiwemo skrini za zamani zile zenye mgongo, ambazo kioo chake kina madini ya risasi. Mnunuzi wa skrapu alikuja na mkokoteni, akataka nyaya na mabodi tu. Nyaya zenyewe huchomwa ili itolewe shaba, na ule moshi mweusi ni sumu kwa watoto wetu, kwa hivyo nilikataa. Diski tumeshazitoa; zina majina na namba za simu za wazazi.

Je, kuna mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) hapa Mombasa anayepokea hata skrini, au mpaka tusafirishe Nairobi? Na diski, kuzifuta kwa programu kunatosha au tuzitoboe kwa drili?