Kukokotoa kibadilisha joto cha mabamba: LMTD, NTU au CFD?

Gasketi256: Wakuu, kuna pasteuraiza ya maziwa inafungwa Mbarara, lita 2,000 kwa saa. Maziwa yanaingia nyuzi 4, yanapanda hadi 72, na sehemu ya kurejesha joto, ambapo maziwa ya moto yanayotoka hupasha ya baridi yanayoingia, inatakiwa kuokoa asilimia 90. Nitumie Excel ya LMTD (wastani wa kilogi wa tofauti za joto), NTU (ukubwa wa kibadilisha joto ukilinganishwa na mkondo), au niingie moja kwa moja OpenFOAM, programu ya CFD, yaani kuiga mtiririko kwa kompyuta?

Mvuke_Jinja: LMTD itakukwamia palepale kwenye kurejesha joto. Maziwa ni yaleyale pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 6.8 mwanzo hadi mwisho. LMTD hugawa kwa logi ya uwiano wa tofauti za ncha mbili, na hapa uwiano ni 1. Logi ya 1 ni sifuri, seli inakuandikia #DIV/0!, na watu huchokoa desimali mpaka ujumbe uondoke. Nenda NTU: mikondo ikilingana, ufanisi = NTU/(1+NTU), basi 0.9 inadai NTU 9. Kilo 0.572 kwa sekunde × 3,900 (joto mahsusi la maziwa, J/kg·K) × 9 ni kama kilowati 20 kwa kila nyuzi. U, yaani uwezo wa bamba kupitisha joto, ikiwa 3,000 W/m²·K, eneo ni mita za mraba 6.7.

BambaNene: Hiyo U moja ndiyo yenye walakini. Maziwa ya nyuzi 4 yana mnato kama mara nne ya yale ya 72. Kwenye ncha ya baridi Reynolds (namba ya kiasi mtiririko unavyovurugika) inashuka na U inaifuata. Kata urefu vipande 10, kila kipande na mnato wake. Halafu eneo: mikunjo huongeza asilimia 15 hadi 25, sasa hakikisha fomula yako inataka eneo lililokunjwa au la bapa. Mabamba mawili ya mwisho hayapitishi joto, yatoe.

Gasketi256: Na CFD?

Mvuke_Jinja: Kwa mashine nzima ni kumaliza umeme bure. Inafaa pale tu mtengenezaji hajatoa vigezo vya bamba lake. Chukua kipande kimoja cha mkunjo kinachojirudia, modeli ya msukosuko k-omega SST, y+ (umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani, bila kipimo) karibu 1. Itakapokusumbua ni pale mabamba yanapogusana: pembe inakuwa kali mno, seli za meshi zinapinda, hesabu inalipuka. Weka kinguzo kidogo badala ya nukta ya mguso.

BambaNene: Usisahau ukoko unaoganda kwenye mabamba. Protini ya whey (ile ya maji ya maziwa) huanza kuharibika kuanzia nyuzi 65 au 70 hivi, kwa hiyo ukinzani wa uchafu uweke hasa kwenye sehemu ya kupashia. Maji ya moto umeyapa nyuzi ngapi?

Gasketi256: 97, tangi la wazi.

BambaNene: Mbarara iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu 95. Na hata hiyo 95 itaunguza maziwa kwenye bamba. Weka 77.