Tupeane uzoefu: Ukihamisha duka, unahamishaje na taarifa zako za mtandaoni?

Vipuri vya Gerezani (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwisho wa mwezi huu nahama. Duka langu la vipuri vya friji na mashine za kufulia limekaa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, miaka mingi, ila mwenye fremu kapandisha kodi na bado anaitaka ya mwaka mzima mkononi. Nimepata fremu Mbezi, karibu na Stendi ya Magufuli, kubwa zaidi na bei inavumilika.

Mzigo haunisumbui, kirikuu mbili zinaumaliza. Kinachonikosesha usingizi ni mafundi wa mikoani. Hawa wa Morogoro, Dodoma na Singida hawanijui hata sura. Wanaandika jina la duka kwenye Google Maps, wanafuata mshale mpaka mlangoni. Wengine wana lokesheni niliyowatumia WhatsApp enzi hizo. Kuna Instagram, kuna matangazo yangu kwenye tovuti ya Jiji, kuna ukurasa wa Facebook aliofungua kijana mmoja ambaye siku hizi yuko Afrika Kusini, na kuna kalenda zangu zimetundikwa kwenye gereji za watu.

Naomba waliokwisha kuhama waseme walifanyaje na yaliwakuta yapi. Nadharia za vijana wa "masoko ya kidijitali" nitazitafuta mwenyewe.

Jirani wa Goba

Mkuu, Mbezi ipi? Ya Beach au ya Kimara? Ukiandika "Tumehamia Mbezi" ukaishia hapo, nusu ya wateja watakupigia simu kwa hasira wakiwa Tangi Bovu, kule upande wa Beach.

Vipuri vya Gerezani

Hahaha, ya Kimara, Mbezi Louis. Nimekusoma. Nitaandika "Mbezi Louis, Barabara ya Morogoro" kila mahali.

Bi Keki

Mimi nilitoka Segerea kwenda Kinyerezi. Shoga yangu alinishauri nifunge profaili ya zamani ya Google nifungue mpya, "uanze upya na baraka". Nikakataa. Maoni ya wateja na nyota zao vimeshikana na profaili, na nilikuwa nimevitafuta kwa jasho. Halafu ukishaweka "imefungwa kabisa", mtu akitafuta jina lako anajua umefilisika, anaenda kwa mwingine.

Nilichofanya, niliingia kwenye profaili ileile nikabadili anwani, kisha nikaisogeza pini kwa kidole mpaka juu ya paa langu. Usiache kuisogeza mwenyewe. Kwa mitaa yetu ukiandika anwani tu, pini inaweza kukutupa popote ndani ya kata.

Baada ya hapo Google wakataka nithibitishe upya kuwa biashara ipo hapo. Zamani ilikuwa kadi inatumwa kwa posta ikiwa na namba ya siri, na sisi wa S.L.P. za kuazima tulikuwa tunaisubiri kama mvua ya kiangazi. Safari hii nikatakiwa video. Masharti yake: mkupuo mmoja bila kukata wala kuunga, ionyeshe eneo, ionyeshe bango lenye jina la biashara, na ionyeshe kuwa wewe ndiye msimamizi, si mpita njia.

Basi nikaanzia barabarani. Nikapiga kibao cha mtaa, nikapiga kile cha namba ya nyumba tulichowekewa kwenye operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, nikaja kwenye bango. Simu mkono wa kulia, ufunguo wa kushoto, nikahangaika na kufuli mpaka likafunguka, nikaingia moja kwa moja mpaka kwenye oveni nikaiwasha. Katikati ya safari jirani akapaza sauti, "Mama, unacheza tamthilia?" Sikukata. Ikaenda na sauti yake hivyohivyo na ikapita.

Bango liwepo kabla ya kurekodi. Fundi wangu alikuwa ananizungusha, nikachapisha jina kwenye turubai nikalifunga kwa kamba. Wao wanataka jina lisomeke, urembo ni wako.

Makoroboi Original

Nyie mnapambana na ramani, mimi nilipambana na binadamu.

Nilikuwa na duka la spea za simu Makoroboi hapa Mwanza. Nikahamia upande wa Barabara ya Nyerere. Aliyechukua fremu yangu naye akaleta spea za simu, na hakugusa rangi wala stika nilizoacha. Mteja anatoka Geita, anashuka pale anauliza, "Hapa ndipo kwa Original?" Anajibiwa, "Ndipo, karibu bosi." Anauziwa kioo feki, kikizima anakuja kunitukana mimi kwenye maoni. Karatasi ya "tumehama" niliyobandika ukutani haikumaliza hata usiku.

Pini nilishaihamisha mapema. Sasa nikawa najiuliza, mbona bado wanaenda kule? Kumbe watu wetu hawafuati pini, wanafuata picha. Picha ya kwanza kwenye profaili ilikuwa ya fremu ya zamani, ya bluu, kubwa kabisa. Na ilipakiwa na mteja. Picha ya mteja huwezi kuifuta, unaweza kuiripoti tu halafu ukasubiri. Nikapakia zangu za duka jipya, za mchana, bango linasomeka, na duka la dawa la jirani linaonekana pembeni. Kila mteja niliyemtengenezea simu nikamwomba apige ya mbele ya duka aipandishe. Polepole ile ya bluu ikazama chini.

Yale maoni ya matusi sikuyaacha bila jibu. Chini ya kila moja niliandika kwa adabu kwamba duka lile tulilihama, sasa tupo mahali fulani, njoo tuangalie kioo chako. Wapo waliokuja. Yule anayesoma maoni kabla ya kuja, lile jibu ndilo linalomwelekeza.

Instagram nako kuna mtego. Posti za zamani zina lebo ya eneo la zamani. Sikuzirekebisha zote, nilichukua zile zinazotazamwa zaidi nikabadili eneo, basi.

Lakini mkuu, kilichonisaidia kuliko vyote ni bodaboda wa kijiwe cha pale. Nilikaa nao nikawaambia, ukiniletea mteja aliyepotea, nauli juu yangu. Yule jamaa akisema "ndipo, karibu", boda anasema "siyo, panda nikupeleke".

Kijana wa Steshenari

Hilo la boda nimelipenda kuliko video.

Stoli Namba Mbili

Salamu kutoka Nairobi. Mimi sikuhama mbali, nilitoka Luthuli Avenue nikaingia jumba lingine River Road, orofa ya tatu. Kwa ramani ni kama sikusonga. Shida ni kuwa pini inamfikisha mteja chini kwenye lango, halafu juu kuna stoli tele zinazofanana na mabroka wako mlangoni wanamngoja. Akishauliza njia, amekwisha.

Kwa hivyo anwani yangu kila mahali ina jina la jumba, orofa na nambari ya stoli, kwa mpangilio huohuo. Pia nilirekodi video fupi kutoka langoni, ngazi kwa ngazi, hadi kwenye kaunta yangu. Nimeibandika juu kabisa Instagram, na kwa WhatsApp Business iko kwenye majibu ya haraka. Mtu akiuliza "mko wapi?" anatumiwa.

Kitu kingine ambacho wengi hamtafikiria ni jina la till, ile namba ya kulipia kwa simu. Wakala aliyenisajili aliongeza jina la mtaa mwishoni. Nilipohama, mteja akitaka kulipa anaona jina la mtaa ule wa zamani, anashtuka kwamba anatapeliwa, anakatiza malipo. Angalia Lipa Namba yako inaonyesha jina gani kabla hujahama.

Mzee wa Shimoni

Sisi wa Soko Kuu la Kariakoo hatukuhama, tulihamishwa na moto Julai 2021. Hakukuwa na muda wa kubadilisha chochote. Kilichobaki ni namba ya simu, kwa sababu sikuwahi kuibadili, na WhatsApp status. Kila asubuhi naandika leo nipo wapi. Mdogo wangu, hama na kila kitu lakini namba usiiguse.

Mhasibu wa Mtaani

Niongeze upande wa karatasi, maana kinachoandikwa mtandaoni kisipofanana na risiti kinaleta maneno.

Kutoka Gerezani kwenda Mbezi Louis unatoka Jiji la Dar es Salaam unaingia Manispaa ya Ubungo. Leseni ya biashara inatolewa kwa eneo husika, usihame nayo mfukoni ukadhani inatembea. Ingia Tausi, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, au nenda halmashauri mpya. TRA wajulishe, taarifa za TIN zibadilike na mashine ya risiti (EFD) irekebishwe, kwa sababu risiti inabeba anwani. Kama jina au kampuni ipo BRELA, kwa msajili wa biashara, anwani ya kule nayo isasishwe.

Mteja wa kawaida hajali. Ila ukiwauzia mahoteli au taasisi, mtu wa manunuzi akiona risiti inasema Gerezani na tovuti inasema Mbezi, malipo yanakaa.

Dhow na Viungo

Asalaam aleikum. Siye Unguja tunapeleka wageni ziara za mashamba ya viungo. Tulihama ofisi kutoka Malindi kwenda Vuga. Profaili tulibadilisha siku moja, lakini mgeni aliyeweka nafasi mwezi wa tatu anakuja wa nane na vocha yenye ramani ya kule. Vocha iko kwenye barua pepe yake, huwezi kuingia ukaifuta. Ikabidi tupitie kila nafasi iliyokwisha kulipiwa na kumwandikia mtu mmoja mmoja. Kazi ngumu, lakini hakuna njia nyingine. Nawe mafundi waliokwisha kulipa oda, anza na hao.

Jirani wa Goba

Na yule kijana wa Afrika Kusini mtafute leo, akuongeze uwe msimamizi wa ukurasa wa Facebook wakati bado anapokea simu zako.

Vipuri vya Gerezani

Nimemtafuta, kasema usiku akitoka kazini. Bi Keki, swali moja dada yangu: pini niisogeze lini? Kabla sijahama ili watu wazoee, au baadaye?

Bi Keki

Siku unayofungua, kaka. Ukiisogeza mapema wataenda kukuta kufuli, na huwezi kurekodi video ya duka ambalo halina mzigo. Zile siku za kuhamisha weka saa maalumu, kwamba umefunga tarehe fulani hadi fulani. Tangazo la kuhama ndilo litangulie, tena kuanzia leo, na uandike kabisa Mbezi Louis.