Mama kapimwa jicho mara mbili kabla ya opresheni, namba za lenzi hazifanani, tufuate ipi?

BintiWaKwanza:
Wakuu habari zenu, naombeni mwenye uelewa anisaidie. Mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia ndo limezidi, anaona ukungu tu na taa zikiwaka usiku zinamtawanyikia. Sasa wamepanga kulifanyia opresheni hilo la kulia wamwekee lenzi ya bandia. Kipimo cha kwanza alitiwa matone ya ganzi, mpimaji akashika kidude kama kalamu akawa anamgusa nacho mbele ya jicho, ti ti ti, karatasi ikatoka: urefu wa jicho milimita 22.68, lenzi 21.5. Baadaye tukaelekezwa sehemu yenye mashine ya mwanga, huko hakuguswa kabisa, aliweka tu kidevu akaambiwa atazame kitaa chekundu, ikatoka 23.04 na lenzi 20.5. Ule mkunjo wa konea (kile kioo cha mbele ya jicho) haukubadilika, kote 44.5.

Sasa 0.36 ya milimita si kitu kidogo jamani? Mbona lenzi inabadilika? Wadogo zangu wanasema tumwambie dokta aweke ya katikati, 21, yaishe. Na kile kipimo cha kwanza ndo kusema mashine ilikuwa mbovu?

mpima_macho:
Dada pole na hongera kwa kutunza karatasi, wengi wanazitupa. Ya katikati msiguse kabisa, ukichanganya kipimo sahihi na kisicho sahihi hupati sahihi, unapata tu kosa dogo zaidi.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 23 na nusu hivi kutoka konea mpaka retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga), kwa hiyo hiyo 0.36 kwa jicho si ndogo. Ukikosea milimita 1 nzima unamtupa mgonjwa nje kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 au hata karibu 3, yaani opresheni imeenda safi, kidonda kimepona, halafu bado anahitaji miwani mizito. Hiyo yenu ukipiga hesabu inakuja karibu dayopta 1 nzima. Si upofu, ila ataiona tofauti akitazama mbali.

Mashine ya kwanza si lazima iwe mbovu. Ile kalamu inatuma sauti tusiyoisikia, inagonga retina na kurudi, mashine inahesabu muda. Shida ni mkono. Konea ni laini, ukiikandamiza kidogo tu, hata 0.2 au 0.3, jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo, na jicho likionekana fupi hesabu inadai lenzi kali zaidi. Angalia namba zenu zilivyokaa: fupi ikaleta 21.5, ndefu ikaleta 20.5. Ndo alama ya mkono uliokandamiza. Akiwekewa hiyo kali ataishia kuona karibu vizuri na mbali kwa ukungu.

Sasa niambie, jicho la kushoto lilipimwa? Ni ngapi?

Babu_Kijana:
Mnajisumbua tu nyie. Baba mdogo alitolewa mtoto wa jicho zamani hizo, hakuna cha mashine ya mwanga wala nini, wakaweka lenzi akarudi nyumbani na mpaka anafariki alikuwa anatuona vizuri. Siku hizi vipimo vingi mno.

Kifaru:
@Babu_Kijana baba mdogo alibahatika na jicho lake lilikuwa la wastani. Zamani kweli kuna waliokuwa wanaweka lenzi ya nguvu moja kwa kila mtu, au wanakisia kwa miwani aliyokuwa anavaa mgonjwa kabla, mwenye jicho la kawaida anatoka vizuri, mwenye jicho refu au fupi anatoka hoi. Hata lenzi ya kwanza kabisa, aliyoweka Harold Ridley kule London mwaka 1949, nguvu yake ilizidi mno, yule mgonjwa akabaki haoni mbali kwa kiwango kikubwa sana. Opresheni yenyewe ilifanikiwa, hesabu ndo iliangusha. Vipimo hivi havikuja kwa anasa mzee wangu.

Babu_Kijana:
Haya nimekusikia, sibishi. Lakini mbona wengine wanapimwa vizuri na bado wanapewa miwani?

Kifaru:
Kwa sababu lenzi ya kawaida inalenga umbali mmoja tu, ukiona mbali safi basi kusoma utavaa miwani, hilo si kosa la kipimo.

BintiWaKwanza:
Asanteni sana. @mpima_macho jicho la kushoto kwa ile kalamu hawakuligusa, kwenye mashine ya mwanga limetoka 23.09. Halafu kuna kitu nimekumbuka, mama tangu mwaka jana kaacha miwani ya kusomea, anasoma maandishi madogo bila kitu na anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, sisi tukafurahi tukajua macho yanapona. Je inawezekana jicho limerefuka ndo maana vipimo vinapishana?

mpima_macho:
Hapo mmemaliza kesi wenyewe. Kwa watu wengi macho mawili yanakaribiana urefu, yakipishana zaidi ya 0.3 mpimaji anatakiwa ashtuke na arudie. 23.04 na 23.09 ni mapacha. 22.68 ndo mgeni hapo.

Kuhusu kusoma bila miwani, hapana, jicho halijarefuka. Kiini cha lenzi yake ya asili kinapokomaa kinakuwa kigumu na nguvu yake ya kupinda mwanga inaongezeka, kwa hiyo karibu panakuwa wazi kwa muda na mbali panazidi kufifia. Ni mtoto wa jicho huyo huyo anakua. Ndo maana pia hatuchagui lenzi kwa kutazama miwani ya mwaka huu, itakudanganya. Kama ipo miwani ya zamani sana kabla ukungu haujaanza, hiyo ibebeni, inasaidia kuona kama namba zinaendana na historia yake.

Ila hilo la sindano lina swali muhimu kuliko yote na sijaona mkiulizwa: mama anataka aone wapi bila miwani? Wengi wanalengewa mbali, au wanaachiwa upungufu wa kuona mbali kidogo sana kama robo au nusu dayopta. Lakini mtu aliyezoea kushona na kusoma anaweza kuomba alengewe karibu, upungufu wa 2 hadi 2.5 hivi, halafu miwani avae ya kutembelea. Aulizwe yeye mwenyewe, si nyie watoto. Na dokta ajue mpango wa jicho la pili mapema, maana ukiacha moja karibu na jingine mbali bila kujadili, wengine kichwa kinawagonga.

Zuhura_K:
Naomba nidandie hapa. Shangazi yangu mashine ya mwanga ilikataa kabisa kusoma, mtoto wa jicho umekuwa mweupe pee. Ina maana yeye ni kalamu tu, hana jinsi?

mpima_macho:
Mwanga haupiti kwenye weupe huo, ni kweli, mashine mpya zinajitahidi zaidi ila nazo zina mwisho wake. Sauti inapita. Lakini kuna namna ya kupima kwa sauti bila kugusa konea: mgonjwa analala chali, anawekewa kikombe kidogo juu ya jicho, kinatiwa maji, ncha ya kidude inazamishwa kwenye maji hayo. Hakuna kukandamiza. Uliza kama wanayo. Kama hawana, basi kalamu kwa mkono mwepesi, wapime mara nyingi, na waangalie zile namba zikae pamoja. Ikitokea moja fupi peke yake waitupe, wasiijumlishe kwenye wastani.

Na mkunjo wa konea upimwe kwanza kabla ya matone ya ganzi na kabla ya kalamu, jicho likishaguswa au likikauka namba inayumba. Anayevaa lenzi za kubandika azitoe mapema, zile laini wiki 1 au 2, ngumu zaidi ya hapo. Aliyewahi kufanyiwa leza ya kuacha miwani aseme, hata kama ni miaka 20 iliyopita, kwa sababu hesabu ya kawaida itamkosea, mara nyingi anabaki na lenzi dhaifu. Na aliyewekewa mafuta ya silikoni ndani ya jicho naye aseme, sauti inakwenda taratibu zaidi kwenye mafuta na jicho linasomeka refu kupita kiasi.

Zuhura_K:
Alifanyiwa ya retina zamani, sijui kama mafuta yalitolewa.

mpima_macho:
Tafuta cheti cha opresheni hiyo kabla hajapimwa chochote.

BintiWaKwanza:
Nimemuuliza mama. Anasema anataka cherehani yake, ya mbali atavaa miwani. Kesho naenda na karatasi zote mbili kwa dokta.