Maaskofu walirudisha pesa za Soweto, kwetu bahasha inapitia mlango wa sakristia

Nimeandika hili nikalifuta mara tatu. Nimebatizwa kanisa hilihili la Katoliki, nikafungia ndoa hapohapo, na mambo ya nyumbani hayaanikwi barabarani. Lakini yaliyotokea Jumapili iliyopita yamenishinda kumeza.

Mnakumbuka Novemba 2024. Tarehe 14 maaskofu wetu walitoa tamko lililowachoma wakubwa: uongo umekuwa desturi serikalini, vijana wanatekwa, hospitali za misheni hazijalipwa madeni ya bima. Siku tatu baadaye Rais Ruto akaenda kanisa letu la Soweto, huko Kayole, Nairobi, akaacha milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 nyingine, akaahidi milioni 3 zaidi na basi. (Julai mwaka uo huo ni yeye aliyewapiga marufuku maofisa wa serikali kuchanga kwenye harambee. Haya.) Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akasema zirudi zote, na basi pia hatulitaki. Siku hiyo nilitembea kifua mbele. Kwa kinyozi niliwacheka jamaa wa makanisa mengine mpaka mmoja akahama kiti.

Sasa nacheka nini?

Jumapili alikuja mheshimiwa mmoja kwetu. Altareni hakupewa kipaza sauti, alisimama tu akapunga mkono, watu wakanong'onezana kwamba agizo la maaskofu limefuatwa. Baraka ya mwisho haijapoa, kipaza sauti kikatolewa nje kwenye hema, na kilekile kilichosomea Injili kikaanza kutuambia nani apigiwe kura 2027. Halafu mheshimiwa na Baba Paroko wakazunguka nyuma, wakaingia sakristia, chumba cha padri kuvalia. Walipotoka tukatangaziwa kwamba mabati ya ukumbi "yamepata mfadhili".

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya parokia. Nikamuuliza mweka hazina: kiasi gani, na risiti iko wapi? Akasema hiyo haikupitia kwake. Nikamfuata Baba Paroko kwa heshima zote. Jibu lake: "Wewe mabati huwezi kununua, basi usiwazuie wanaoweza."

Sawa, siwezi. Ila ngoja niwaambie ninachoweza. Mwezi wa tatu mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume. Kabla ya padri kuja kuzika, katekista alitaka kadi ya zaka. Ilikuwa na mapengo ya miezi saba, kwa sababu mzee alikuwa kitandani miezi hiyo saba! Tulichanga mia mia, hamsini hamsini, hadi saa nne za usiku, kadi ikajazwa, ndipo marehemu akapata Misa. Huyu mheshimiwa nani alimwomba kadi? Mkewe wa ndoa tunamjua, na aliyekaa naye kiti cha mbele siye. Tumekaa kimya, tumempisha apite.

Msinielewe vibaya. Sisemi maaskofu waache siasa. Wanaosema hivyo ni wale ambao tamko liliwagusa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki akiwa Nakuru alisimama na waliochomewa nyumba Bonde la Ufa miaka ya 1990. Padri John Kaiser alitaja mawaziri kwa majina mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza ghasia hizo, na Agosti 2000 mwili wake ukaokotwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Hata 2010 maaskofu waliposema tuikatae Katiba mpya, mimi niliipigia ndiyo, na Jumapili nikaenda kukomunika kama kawaida. Walisema waziwazi, nikawakatalia waziwazi. Siasa ya namna hiyo naiheshimu.

Kinachoniuma ni tamko linalosomwa mbele ya kamera Nairobi kisha likifika kwetu linageuka karatasi ya kufungia maandazi. Za Soweto zilirudi kwa sababu nchi nzima iliziona zikitolewa. Za sakristia nani atazirudisha? Mheshimiwa akiulizwa kesho kuhusu barabara au dawa za zahanati, paroko wangu atafungua kinywa gani?

Kwa hiyo ombi langu kwa maaskofu ni dogo. Kila Jumapili matangazo yetu yanasoma: Jumuiya ya Mtakatifu Yuda shilingi 4,350, Jumuiya ya Mtakatifu Monika shilingi 2,900, na aliyechelewa anatajwa. Basi na mheshimiwa asomwe vivyo hivyo, jina, kiasi na tarehe, na paroko atakayeficha ahamishwe. Haihitaji sinodi.

Jumanne usiku nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la halmashauri, bila neno. Mabati bado hayajafika.